Muhula wa nje: saini karatasi ya kozi kabla hujapanda basi

Wiki iliyopita binti mmoja wa mwaka wa pili kaniandikia: "Kaka, nimechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Nairobi, chuo chetu kina makubaliano na chuo cha kule. Nibebe nini?" Swali hili nalipata kila msimu wa maombi, na karibu wote wanaouliza wana wasiwasi wa koti na hela ya kula. Koti utanunua mtumba ukifika. Mimi nataka kujua kitu kimoja: kozi zako zitahesabiwaje ukirudi?

Nilikwenda Kampala kwa mpango kama huo nikiwa mwaka wa tatu uhandisi. Tulichaguliwa wachache, GPA yangu, yaani wastani wa alama, ilikuwa juu, sioni aibu kulisema. Safari ya basi kupitia mpaka wa Mutukula naiacha, wanaoijua wanaijua. Nilichukua kozi nne, nikafaulu zote, na moja nikaongoza darasa zima, Waganda wenyewe wakiwemo.

Nikarudi nyumbani na matokeo yangu. Mkuu wa idara aliyenipeleka alikuwa ameshastaafu. Aliyekalia kiti alishusha kalamu kwenye safu ya mwisho ya karatasi, ile ya uzito wa kila kozi: 4, 3, 4, 3. Akaniuliza, "Mbona vidogo hivi? Kozi yetu ina 12."

Hapa tuelewane vizuri, maana ndipo wengi wanapoumia. Tanzania, kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za jasho lote la mwanafunzi: darasani, maabara, kujisomea, hadi mtihani. Mwaka ni krediti 120, shahada ya miaka mitatu 360. Makerere, chuo nilichokwenda kule Kampala, wao uniti moja ni saa 15 za mafundisho tu. Kozi ya uniti 4 ina saa 60 za kufundishwa. Weka na saa nyingine 60 za kujisomea, unapata 120, yaani krediti 12 zilezile. Hesabu ya darasa la nne hii.

Nilimwandikia pale pale mezani kwake. Akatikisa kichwa, akasema jambo hilo liende kwenye kamati. Kamati ilikaa muhula ukiwa umeshaanza. Kozi mbili zilipita, mbili nikaambiwa nizirudie na wadogo zangu wa mwaka wa chini, na kwenye kumbukumbu zikaingia kama kariova, yaani kama kozi nilizofeli. Kariova! Mojawapo ni ile niliyoongoza darasa. Wenzangu walivaa joho, mimi siku ile nilikuwa mpiga picha wao.

Sasa mtu asije kuniambia tatizo ni Afrika Mashariki kukosa ushirikiano. Tuliwahi kuwa na chuo kikuu kimoja kabisa, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam chini ya paa moja, mpaka vilipotengana 1970. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo tangu 1980, na makao yake yako Kampala hapohapo nilikosoma. Mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu ulipitishwa 2015. Mei 2017, Dar es Salaam, wakuu wa nchi zetu wakatangaza kwamba Jumuiya nzima ni eneo moja la elimu ya juu. Nyaraka tunazo, tena nzuri. Ila mkuu wa idara asubuhi hafungui tamko la marais. Anafungua kanuni za mitihani za chuo chake, kwa sababu shahada inatolewa na seneti yake, na akikosea ni yeye atakayeulizwa.

Tofauti niliiona baadaye, nilipopata ufadhili wa uzamili wa Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya. Ndiyo, huyuhuyu mwenye kariova. Kule mwaka wa masomo ni krediti 60, uwe Ureno au Poland. Na wanafunzi wa Erasmus wa muhula mmoja husaini mkataba wa masomo kabla ya kuondoka: mwanafunzi, chuo chake, na chuo kinachompokea, kozi kwa kozi. Ukifika ukakuta kozi imefutwa, mkataba unarekebishwa na wote watatu wanasaini tena. Sikukuta maprofesa wenye akili kuliko wetu. Wenzetu wanasaini mapema, basi.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine wote mnaosoma hapa mkiota kwenda nje, tengeneza karatasi yako mwenyewe hata kama chuo hakina fomu. Upande mmoja kozi ya kule, upande wa pili kozi ya kwenu inayofidiwa, krediti zake, na namna alama zitakavyogeuzwa. Hili la alama msilidharau: kuna vyuo A inaanzia 70, vingine 80. Hiyo 75 yako itarudi ikiwa A au B+? Mkuu wa idara asaini, agonge mhuri, nakala ibaki kwa msajili. Barua pepe ya "tutaliangalia ukirudi" haihesabiki. Watakwambia unawachelewesha. Wacheleweshe. Vijana mnakimbilia picha ya kwenye mpaka na pasi mkononi, halafu mnakuja kunililia inboksi baada ya mwaka.

Uliza pia bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, litasainiwa vipi ukiwa hupo. Wengi hulikumbuka wakiwa wameshafika na hawana kitu mfukoni.

Na ukimaliza kule, usiondoke mji ule bila matokeo. Usiridhike na ahadi ya kwamba yatatumwa. Omba seti mbili zenye mhuri, pamoja na muhtasari wa kila kozi unaoonyesha saa za mafundisho na saa za maabara. Seti moja ni yako ya kusoma. Ya pili iache kwenye bahasha iliyofungwa na ofisi yao, uikabidhi kwa msajili wako mkono kwa mkono, akusainie kwamba ameipokea na tarehe aandike mwenyewe.