Muulize Mwalimu: Mbwa Kumla Mbwa

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni ofisa mauzo. Kikaoni bosi alisema soko letu ni "dog eat dog". Wenzangu wakacheka, nami nikacheka bila kuelewa. Maana yake nini? Naweza kuutumia msemo huo katika barua ya kuomba kazi, waone kwamba siogopi ushindani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye barua usiutie kabisa. Nitakueleza kwa nini.

Bosi wako alimaanisha kwamba katika soko hilo hakuna anayemhurumia mwenzake. Ukiteleza, mshindani wako hakuinui, anakukanyaga apite. Sisi tungesema "mwenye nguvu mpishe", ila Kiingereza kinaongeza ukatili: wanaoumizana ni wa jamii moja. Simba akimla swala hakuna anayeshangaa. Mbwa kumla mbwa mwenzake ni jambo jingine. Varro, mwanazuoni wa Roma wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliinukuu methali ya Kilatini isemayo mbwa hali nyama ya mbwa. Waingereza nao walikuwa na methali kama hiyo, na mwaka 1732 Thomas Fuller akaandika katika mkusanyiko wake wa methali kwamba mbwa wakifikia kulana, basi wamebanwa kwelikweli. Msemo wa bosi wako unauma kwa sababu hiyo: unasema hata mwiko wa mbwa umevunjwa.

Huelezea mazingira, kama soko, siasa au dunia nzima. Mtu haitwi hivyo. Ukiutanguliza kabla ya nomino, tia vistari: "a dog-eat-dog business". Kitenzi hakipati "s", kwa hiyo usijaribu kukisahihisha. (Wapo hata wazawa wa Kiingereza wanaoandika "doggy dog world" kwa kuwa wameusikia tu, hawajausoma. Hiyo sasa ni dunia ya vijibwa vya kupakatwa.) Usiuchanganye pia na "rat race", mbio za maisha zisizokwisha, humo watu wanachoka tu, si lazima wamalizane.

Sasa barua yako. Msemo huu umebeba lawama. Anayeutumia aghalabu analalamika, au anajitetea baada ya kumfanyia mwenzake ubaya. Mwajiri akiuona atajiuliza utawafanya nini wenzako wa idara. Andika kwamba umezoea "a highly competitive market", yaani soko lenye ushindani mkali, kisha taja ulichouza na kwa kiasi gani.