Kwa nyie mnaoanza kuandika maombi ya ruzuku za zimamoto

Wadogo zangu wa vikosi vya kujitolea huku Marekani, dirisha la maombi ya AFG, ruzuku ya serikali kuu kwa vikosi vya zimamoto, likikaribia kufungwa nawaona mnahangaika na yaleyale ya kila mwaka. Nawapenda ila mnanichosha, shikeni haya.

1. SAM kwanza, ule mfumo wa serikali wa kujisajili waombaji ruzuku, hata kabla hujajua unaomba nini. Usajili lazima uhuishwe kila mwaka, ukiisha muda wake FEMA, shirika la maafa linalotoa ruzuku hii, hawakupi kitu. Sisi yalitukuta: mweka hazina alifungua akaunti kwa imeili yake binafsi, akahamia jimbo lingine, vikumbusho vyote vikawa vinaenda kwake na huku hakuna anayejua. Mimi ndo nilikuwa naandika maombi, nimejifungia na bei za mitungi ya hewa ya kupumulia, sikuangalia, nakuja kutuma nakuta usajili umeshakufa, kuuhuisha nako jina la kikosi halilingani na hati zetu, nyaraka zikatakiwa, tukasubiri mpaka dirisha likafungwa. Nikaenda kuwaambia watu wanaotoka kazini kwao na kuingia kwenye moshi bila mshahara kwamba mitungi ni ileile. Chifu akauliza tu, ule wenye vali inayovuja tuutoe kwenye gari? Tukautoa, hatukuwa na wa kuweka pale. Kwa hiyo wekeni imeili ya kikosi, watu wawili wawe na uwezo wa kuingia. Na SAM ni bure, barua ya kampuni inayodai hela ya kukusajilia tupa.

2. Wanaopitia maombi ni wazimamoto wenzenu, msiwafundishe kwamba moto unaua. Kuna kijana kaniletea kurasa nzima za ushujaa, hajataja hata koti moja. Nikampeleka kwenye makabati tukafunua lebo moja moja, maana kwa viwango vya NFPA, chama cha Marekani cha kinga ya moto, koti la zimamoto likipita miaka 10 tangu litengenezwe halifai tena, na mengi yalikuwa yamepita. Aya aliyoandika baada ya hapo nimeitunza niwaonyeshe wengine.

3. Mnaohudumia wakazi 20,000 kushuka chini kwenye AFG mnachangia mfukoni mwenu kiasi sawa na 5% ya hela mtakayopewa na serikali. Ongeeni na bodi mapema.

4. Msiagize chochote kabla ya kupewa ruzuku, hata muuzaji abembeleze vipi.

5. AFG siyo mlango pekee. SAFER, ruzuku nyingine ya FEMA, inasaidia kutafuta na kutunza watu wa kujitolea, na mji wa watu 10,000 au pungufu uulize idara ya misitu ya jimbo kuhusu VFA, msaada wa vikosi vya kujitolea vya miji midogo, hela yake ni ndogo ila hosi na redio mtapata.