Kabla ya Kuyaamini Majibu ya Widal

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mtaalamu wa maabara katika zahanati moja ya mwambao wa Tanzania, nilifungua boksi jipya la vitendanishi vya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, yaani homa ya matumbo, na kwa kuwa sina tabia ya kutumia kitendanishi kwa mgonjwa kabla sijakijaribu, nilimwomba mwenzangu anitoe damu mkononi. Sikuwa na homa, tumbo halikunisumbua, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekula chapati mbili kwa maharage. Nilipoizimua seramu yangu, yaani majimaji ya damu, hatua kwa hatua, matone yaliendelea kushikana punje punje, ambayo ndiyo dalili ya jibu chanya, mpaka kwenye 1:160, yaani seramu iliyozimuliwa mara 160. Laiti ningekuwa mgonjwa aliyesimama nje ya dirisha letu, cheti changu kingeandikwa taifodi, nami ningeondoka na pakiti ya antibayotiki ya sipro.

Kipimo hiki, kinachobeba jina la daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896, hakitafuti bakteria wa homa ya matumbo wenyewe, bali kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi yao. Kingamwili hizo hubaki baada ya ugonjwa kupona, zinaweza kutokana na chanjo au na Salmonella wa aina nyingine, na wakati mwingine hata malaria huweza kuyafanya matone yashikane. Kwa sababu hiyo, 1:160 ya mtu aliyekulia mahali ambako taifodi haipo haina uzito sawa na 1:160 ya mtu kama mimi, niliyekunywa maji ya visima utotoni mwangu kote. Kinyume chake, mgonjwa wa kweli anayepimwa katika siku za mwanzo za homa anaweza kupata jibu hasi, kwa kuwa kingamwili zake bado hazijafikia kiwango cha kuonekana.

Hapa pana hesabu ambayo ningependa kila anayepokea cheti aielewe. Tuchukue kipimo kinachowatambua wagonjwa 70 katika kila 100 walio na ugonjwa, na kinachowasema wazima kwa usahihi watu 80 katika kila 100 wasio nao. Namba hizi ni za mfano tu. Tukiwapima watu 1,000 wenye homa, ambao 20 kati yao ndio wana taifodi, tutapata majibu chanya ya kweli 14 na ya uongo 196, yaani kati ya kila watu 15 walioambiwa wanaumwa, mmoja tu ndiye anayeumwa. Tukienda mahali penye mlipuko, ambapo 300 kati ya 1,000 wameambukizwa, chanya za kweli zitakuwa 210 na za uongo 140. Kipimo ni kilekile na mpimaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni watu waliopimwa. Ndiyo maana naona ni kosa kumpima Widal kila anayelalamika uchovu.

Ukisikia kwamba kipimo fulani kina usahihi wa asilimia 90, uliza kimelinganishwa na nini. Kwa taifodi mlinganisho wa kawaida ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ili bakteria waliomo wakue na kuonekana, nako huwakosa wagonjwa wengi, hasa waliokwisha kumeza antibayotiki. Kuotesha uboho hunasa wengi zaidi, lakini sijui ni nani angekubali kuchomwa sindano ya mfupa kwa homa ya siku nne.

Kipimo cha haraka cha malaria kinaaminika zaidi, ingawa nacho kina mtego wake: vile vinavyotafuta HRP2, protini inayotengenezwa na vimelea vya malaria, huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ikiwa umemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita na homa imerudi, mwambie mpimaji, ili damu yako iangaliwe kwa darubini.

Basi unapoelezwa kwamba una taifodi, muulize daktari kwa adabu ni dalili zipi zilizomfanya aishuku kabla ya kipimo, na kama kuna hospitali ya karibu inayootesha damu. Sampuli hiyo itolewe kabla ya dozi ya kwanza. Kama Widal ndiyo pekee iliyopo, kurudia baada ya siku 10 hivi na kukuta kiwango kimepanda mara nne au zaidi kuna maana kubwa kuliko jibu moja. Lakini usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya makala hii, na usingoje siku hizo 10 ukiwa na homa isiyoshuka, maumivu makali ya tumbo au choo chenye damu, kwa maana taifodi ya kweli huweza kuutoboa utumbo, na hapo mgonjwa huhitaji upasuaji wa haraka.