Jirani ni nani hasa?

Dada, umeuliza kama jirani wa kupendwa "kama nafsi yako" ni Mkristo mwenzio tu. Hapana. Amri yenyewe ni ya kale, iko Walawi 19:18, na ukiteremka hadi mstari wa 34 wa sura hiyohiyo utakuta mgeni akaaye kwenu naye apendwe vivyo hivyo.

Mwanasheria mmoja alimuuliza Yesu swali lako hilihili (Luka 10). Akajibiwa kwa kisa cha mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi njia ya Yeriko. Kuhani akapita kando, Mlawi, yaani mhudumu wa hekalu, naye kando. Aliyesimama ni Msamaria, mtu wa kabila ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo. Akamfunga majeraha, akampandisha mnyama wake, akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Hapo pa kurudi ndipo panaponigusa mimi, maana wengi wetu husaidia mara moja tukaona tumemaliza. Kisha Yesu akaligeuza swali: nani alikuwa jirani *kwa* yule majeruhi?

Kwetu Majengo, mama alipolazwa, aliyetuletea uji wa watoto kila asubuhi ni mama wa Kiislamu wa mlango wa pili. Hakutuuliza tunasali wapi. Nawe anzia hapo hapo mlango wa pili, dada. Mifereji ikikauka na wewe una akiba, mjazie mtungi kabla hajaomba.