Mchoro wa kale ulioharibika: uthaminishwe kabla ya kukarabatiwa

Mchoro wa wino wa karne ya 18 uliochanika na kuingia madoa uthaminishwe kwanza ukiwa vivyo hivyo, kwa sababu gharama ya ukarabati utailipa hata ikibainika kwamba mchoro hauna thamani sokoni, na wanunuzi wazoefu mara nyingi hupendelea karatasi isiyoguswa kuliko iliyopaushwa ikang'aa kupita umri wake. Nyumba za mnada kama Christie's na Sotheby's hupokea picha kwa mtandao na kutoa makadirio bila malipo. Piga picha pande zote mbili, ukionyesha saini, maandishi ya nyuma na mihuri ya wakusanyaji wa sanaa waliowahi kuumiliki, maana muhuri mdogo pembeni waweza kupandisha bei kuliko usafi wa karatasi.

Nashughulika na karatasi za kale, kwa hiyo natoa tahadhari moja: ikiwa wino ni ule wa kahawia wenye chuma na umeanza kutoboa karatasi penye mistari mizito, usiupanguse kwa kitambaa chenye maji, kwani unyevu husambaza chuma na asidi hadi sehemu zilizokuwa nzima. Mpasuko nao usizibwe kwa selotepu (kosa ninalolikuta mno). Mtaalamu hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hubanduka tena kwa unyevu kidogo.

Ukikusudia kubaki na mchoro kama kumbukumbu ya ukoo, basi ukarabatiwe hata kama gharama itazidi bei ya sokoni.