Usisubiri Mkopo Uishe Ndipo Uanze Kuishi Nyumbani Kwako

Julai ya mwaka 2019 mama yangu alikuja Nairobi kututembelea, tukampa chumba cha watoto. Asubuhi nilimkuta jikoni, amejitanda leso mbili juu ya sweta, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama anayeota moto. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ukuta wa chumba kile una maji. Wajukuu wangu ndimo wanamolala?"

Ndimo walimolala, kwa miaka miwili. Na si kwamba sikuuona ule ukuta. Niliuona kila nilipotandika magodoro yao. Rangi ilikuwa imevimba kama malengelenge, ukiibonyeza inapasuka na kumwaga unga mweupe. Nilikuwa nimejiambia kwamba hayo tutayashughulikia tukishapunguza deni. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayejiambia hivyo leo.

Nyumba yetu iko mtaa wa Komarock, hapa Nairobi, ya vyumba vitatu, isiyo na ghorofa. Tuliinunua mwaka 2017 kwa akiba yetu ya sacco pamoja na mkopo wa benki wa shilingi milioni 5, wa miaka 20. Siku zile bado kulikuwa na sheria ya kudhibiti riba, kwa hiyo benki haikuweza kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Kiwango hicho kilikuwa 10, nasi tukapewa kwa asilimia 14. Tulipomaliza kulipa wakili, mthamini na ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, akaunti ilibaki tupu. Tulihamia na magodoro, meza moja na masufuria.

Kisha ikaja taarifa ya kwanza ya mkopo. Tulikuwa tumelipa shilingi 62,176. Kati ya hizo, shilingi 58,333 zilikuwa riba. Deni lenyewe lilikuwa limepungua kwa shilingi 3,843. Nilisoma mstari ule mara tatu nikidhani wamekosea. Hawakukosea, ndivyo mkopo wa nyumba unavyofanya kazi. Riba hupigwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni lote bado liko pale pale, basi karibu kila unacholeta kinamezwa na riba.

Hofu ya siku ile ndiyo iliyotuharibia miaka miwili. Mimi na mume wangu tuliapa kwamba kila shilingi itakayobaki itaenda benki. Madirishani tukatundika leso badala ya mapazia. Watoto wakalala na magodoro sakafuni. Wageni tukawakwepa, maana mgeni ni nyama, ni soda, ni nauli ya kumrudishia. Mtoto wetu wa pili akaanza kukohoa usiku, kikohozi cha kupiga mluzi kifuani, tukawa tunaamka saa nane za usiku kumkalisha wima. Tukalaumu baridi ya Juni na Julai. Tukaziba matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha kwa magazeti, kama nusu ya Nairobi inavyofanya msimu ule, na nguo mbichi tukazianika ndani. Tulikuwa tunaulisha ule ukuta.

Mama alipoondoka nikamwita fundi. Alikuja na begi dogo, akatoa bisibisi, akaugonga ukuta kwa mpini wake kuanzia juu akishuka polepole. Juu mlio ulikuwa mkavu. Alipofika usawa wa kiuno ukabadilika, ukawa mzito, kama unagonga gunia la unga. Akabandika kiganja pale, akakiacha kwa muda. "Mama, huu ukuta unakunywa maji," akasema. Upande wa pili ni bafu. Alibandua vigae vinne, akachimba, na ndani akakuta kiungo cha bomba kilichopinda, kile mafundi wanachokiita elbo, kina ufa mwembamba kama unywele. Maji yalikuwa yakipita pale usiku na mchana, na sisi tunayalipia.

Alitutoza shilingi 18,500 pamoja na vifaa. Jioni ile nilitoa risiti zote za kliniki na dawa za mwaka mmoja za yule mtoto, nikazijumlisha mezani. Zilifika shilingi 41,000 na kitu. Mume wangu alizitazama, hakusema neno. Tulikuwa tumejinyima ukarabati wa elfu kumi na nane tukalipa zaidi ya mara mbili hospitalini, na aliyeumia ni mtoto.

Kuna jambo moja fundi alilishikilia nami nakusihi ulishike. Alikataa kupaka rangi siku ile. Alisema ukuta ukauke kwanza, akatuachia plasta ikiwa imebanduliwa kwa wiki tatu, madirisha wazi mchana kutwa. Sisi tulikuwa tumeshaupaka ule ukuta mara mbili kwa rangi ya bei rahisi, na kila mara ilidumu miezi michache. Rangi haizibi maji, inayaficha. Tulitoa pia magazeti kwenye matundu ya hewa. Kikohozi hakikuisha mara moja, na yule mtoto bado yuko chini ya daktari, ana inhela yake kwenye begi la shule. Ila zile saa nane za usiku zilipungua hadi nikasahau lini zilikuwa za mwisho.

Nikishafika hapa kwenye baridi, tafadhali, jiko la makaa lisilale ndani na madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Nunua blanketi la pili.

Baada ya ukuta tulikaa chini tukapanga upya. Mwezi ule tulikuwa na kama elfu kumi zinazobaki baada ya malipo ya benki, chakula, karo na nauli. Zamani zote zingeenda benki. Tukaamua elfu tano ziende kupunguza deni, elfu tatu ziwe mfuko wa nyumba, elfu mbili ziwe zetu sisi kama watu. Mfuko wa nyumba tukauweka kwenye akaunti tofauti ya sacco, isiyo na kadi, ili usichomoke. Kipimo cha matumizi yake kilikuwa kimoja: kwanza kinachoingia mwilini. Maji, hewa, usingizi, mwanga, nyaya za umeme. Makochi yakasubiri. Yalisubiri miaka mitatu, na ningeyasubirisha tena.

Usidharau hizo elfu tano. Nilipiga hesabu kwa mkopo kama wetu, milioni 5 kwa asilimia 14. Ukiongeza shilingi 5,000 kila mwezi tangu mwanzo na riba isibadilike, unamaliza kwa miezi 175 badala ya 240. Ni miaka mitano na ushee inayokatika. Hata ukiongeza 2,000 pekee unafika kwenye miezi 207. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu aache kulipa zaidi, ninachomwambia ni kwamba pesa hizo zisitoke kwenye mapafu ya watoto wake.

Lakini hakikisha zinafika zinakotakiwa. Sisi tulilipa nyongeza kwa miezi kumi na moja, na nilipoomba taarifa kamili ya mkopo nikakuta benki ilikuwa inazihesabu kama malipo ya awali ya mwezi unaofuata. Deni halikuwa limeguswa. Nilisikia miguu imelegea pale kaunta. Tangu siku ile tuliandika barua tukisema waziwazi kwamba kila nyongeza ipunguze deni la msingi, muda ufupishwe na malipo ya mwezi yabaki vile vile, tukagongewa muhuri kwenye nakala yetu. Kila baada ya miezi mitatu naomba taarifa na kuukagua ule mstari. Fanya hivyo hata kama meneja ni mtu wa kwenu. Na kabla ya kuanza, soma mkataba uone kama kuna ada ya kulipa mapema.

Jambo jingine lililotugharimu ni kutojua nafuu ya kodi. Ukiwa na mkopo wa kununua au kuboresha nyumba unayoishi mwenyewe, riba unayolipa hupunguzwa kwenye mapato kabla hujakatwa kodi. Tulipoanza, kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 kimekuwa 360,000. Kwa mtu anayekatwa asilimia 30, hizo 300,000 ni shilingi 7,500 zinazobaki mfukoni kila mwezi, na kwa kikomo cha sasa ni 9,000. Mimi sikuliwasilisha hilo kazini mpaka mwaka wa pili, hakuna aliyeniambia. Ni cheti cha riba kutoka benki tu, unampelekea anayeshughulikia mishahara, naye anakiingiza. Elfu saba na mia tano! Mapazia ya nyumba nzima, yale mazito mazuri ya mtumba ya soko la Gikomba, niliyapata kwa chini ya pesa hizo.

Usingizi ndio niliouchelewesha zaidi, na ndio uliotushika mwaka 2024. Sheria ya kudhibiti riba ilikuwa imeondolewa Novemba 2019, na mwanzoni hatukuhisi kitu. Halafu Benki Kuu ikapandisha kiwango chake hadi asilimia 13 Februari 2024, na barua ya benki yetu ikafuata: tunaenda asilimia 17. Malipo ya mwezi yalipanda kwa maelfu. Mume wangu hakusema lolote, lakini nikaanza kumkuta sebuleni saa tisa za usiku, mwanga wa simu usoni, anapiga hesabu zile zile alizopiga jana. Nilimlazimisha twende kupimwa presha. Ilikuwa 168 kwa 104, na daktari akatuuliza analala saa ngapi kwa usiku.

Niliumia kuliko siku ya ule ukuta. Nyumba ilikuwa imekauka, na mtu akawa anavuja.

Tulifanya mambo mawili. La kwanza, tulikwenda benki pamoja kabla hatujachelewesha hata mwezi mmoja, tukaomba kusimamisha nyongeza na kurefusha muda kidogo. Benki humsikiliza mtu aliyekuja mapema tofauti kabisa na inavyomsikiliza aliyeitwa. La pili, tuliweka siku ya mazungumzo ya mkopo: Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, taarifa mezani, chai ya tangawizi. Nje ya hapo, hakuna kuutaja kitandani. Tulinunua godoro gumu la kutosha na tukabadilisha balbu kali ya chumbani. Dawa anameza, na Jumamosi asubuhi tunatembea. Mara nyingi ni mitaani mwetu, na mara moja kwa mwezi tunapanda matatu mbili hadi msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea. Kiingilio kinatoka kwenye zile elfu mbili. Wanaume wa kwetu hawazungumzi wakitazamana, wanazungumza wakitembea, na mengi niliyoyajua kuhusu hofu yake niliyasikia kwenye vijia vile.

Mengine nitayapitia haraka. Maji Komarock huja kwa zamu, basi tuliweka tangi la lita 1,000 chini ya mfereji wa paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo upande wa paa wenye mita 40 za mraba hujaza tangi zima kwa mvua ya milimita 25, na Aprili huleta hizo mara nyingi. Mtungi wa maji ya mchuuzi sijanunua msimu wa mvua tangu hapo. Kando ya tangi nina magunia matatu ya sukuma wiki na moja la mchicha. Hayatulishi wiki nzima, sitakudanganya, lakini watoto wanayanyweshea wenyewe na wanakula walichopanda bila kubembelezwa.

Ila mkopo wa simu kwa ajili ya samani, hapana. Nimeona jirani akilipa makochi kwa mikopo mitatu ya simu inayolipana yenyewe kwa yenyewe, huku malipo ya nyumba yakichelewa. Benki haina hati ya makochi, ina hati ya nyumba. Kitu kikubwa tunakingojea zamu yangu ya chama, kile cha kuchangiana pesa, au tunakichukua kwa fundi tukilipa kidogo kidogo kabla hajakitengeneza.

Mwaka 2025 kiwango cha Benki Kuu kilishuka hatua kwa hatua hadi chini ya asilimia 10, na benki, baada ya barua zetu mbili, ikatupunguzia. Malipo yetu yalishuka kwa shilingi 6,300. Tulikaa Jumapili ya kwanza tukakubaliana kuzigawa: elfu nne zirudi kwenye deni la msingi, elfu mbili na mia tatu ziingie kwenye mfuko wa nyumba.

Jumamosi hii fundi yule yule anakuja kuangalia mfereji wa upande wa nyuma, unaanza kuvuja kwenye maungio na mvua za vuli ziko karibu. Mama naye ameniambia kwenye simu kwamba atakuja Desemba. Ameuliza kama chumba cha watoto kina nafasi.