Re: Jeanty kakosa yadi 28 tu. Kwa nini rekodi ya Barry Sanders haiguswi?

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo matatu: kwa nini watu wanasema mkimbiaji Ashton Jeanty hata angeivunja rekodi ya Barry Sanders, ile ya yadi nyingi zaidi za kukimbia na mpira kwa msimu mmoja kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo, bado asingekuwa amemfikia, zile yadi 734 za pasi za kwotabeki (mrusha pasi wa timu) Patrick Mahomes kwa mechi moja akiwa chuoni zilipatikanaje na timu yake bado ikapigwa, na kama rekodi ya Sanders itakuja kuvunjwa. Waliotangulia wamekuwekea majedwali, na namba zao ziko sawa. Ila nikiwa mwanafunzi huku Texas nilifanya kazi ya muda kwenye chumba cha takwimu cha timu ya chuo kimoja kidogo, na tangu hapo siwezi tena kusoma namba ya futiboli ya vyuo bila kuuliza kwanza imehesabiwaje.

Chumba chenyewe kiko juu kabisa ya jukwaa, usawa wa katikati ya uwanja. Mmoja anashika darubini, habandui macho uwanjani, kazi yake ni kutamka. Mwenzake anachapa kwenye kompyuta bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa mtamkaji. Mpira ukichezwa tu unasema mfululizo: "Kumi na mbili kwa themanini na moja, kadaka, mpaka arobaini na mbili, kaangushwa na thelathini na tatu." Yaani jezi 12 kamrushia jezi 81, kafika mstari wa yadi 42, kaangushwa na jezi 33. Hujamaliza vizuri, timu zimeshajipanga tena. Yadi zinaandikwa nzima nzima, hakuna nusu.

Humo ndani ndimo utakapoona jinsi sheria za kuhesabu zinavyoijenga rekodi. Kwotabeki akiangushwa na mpira nyuma ya mstari ambapo mchezo ulianzia, kwenye vyuo zile yadi zilizopotea zinakatwa kwenye hesabu yake ya kukimbia. NFL, ligi ya kulipwa, wanazikata kwenye yadi za pasi za timu. Kwa hiyo kijana anaweza kukimbia yadi 60 za jasho, akaangushwa mara tano, na kitabu kikamwandikia yadi 20. Kuna ile nyingine: mkimbiaji anapita mbele ya kwotabeki kwa kasi, naye anamsukumia mpira kwa vidole, kiganja kwa kiganja. Ukienda mbele hata kidogo, hiyo ni pasi, na yadi zote 70 atakazokimbia yule mwenzake zinaingia kwenye jina la kwotabeki. Nimetamka mpira wa namna hiyo mara nyingi, na kila mara nilimwonea huruma mkimbiaji.

Sheria iliyo nzito kuliko zote kwenye mjadala wako lakini haiamuliwi chumbani. Ni ya NCAA wenyewe, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Hadi 2002, mechi za boli, yaani zile za mwaliko zinazochezwa msimu ukishaisha, hazikuingia kwenye takwimu rasmi. Kuanzia 2002 zinaingia. Waliocheza kabla ya hapo hawakurudishiwa chochote.

Sasa tuje kwa Sanders.

Msimu wa 1986 na 1987 pale Oklahoma State alikuwa mtu wa akiba nyuma ya Thurman Thomas. Thomas alipokwenda Buffalo Bills mwaka 1988, Sanders akakabidhiwa mpira. Mechi 11. Alibeba mpira mara 344, akapata yadi 2,628 na tachidauni 37 za kukimbia (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani). Rekodi aliyoikuta ilikuwa ya Marcus Allen wa USC, yadi 2,342 za mwaka 1981, naye Allen ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka 2,000. Sanders hakuipita kwa kubahatisha, aliiacha yadi 286 nyuma. Katika mechi nne kati ya hizo 11 alivuka yadi 300, kiasi ambacho mkimbiaji mzuri wa chuo anaweza kumaliza miaka yake yote bila kukionja hata mara moja.

Ya mwisho ilichezwa Tokyo dhidi ya Texas Tech. Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, ilitangazwa New York naye yuko Japani, ikabidi aonekane kwa setilaiti, kisha akaingia uwanjani akakimbia yadi 332 na tachidauni 4. Oklahoma State ikashinda 45–42. Baada ya hapo ikaja Holiday Bowl dhidi ya Wyoming: yadi 222, tachidauni 5, ushindi wa 62–14. Mechi hiyo ndiyo haimo kitabuni. Ukiiweka ndani, msimu wake ni yadi 2,850 na tachidauni 42 za kukimbia kwa mechi 12.

Jeanty wa Boise State alifika Fiesta Bowl tarehe 31 Desemba 2024 akiwa na yadi 2,497 kwa mechi 13. Alihitaji 132 aivunje. Penn State walimjazia watu kwenye mstari usiku mzima, akabeba mpira mara 30 akaambulia 104, wakashinda 31–14. Akaishia 2,601. Kwa kitabu amekosa yadi 28 za kuivunja rekodi. Kwa alichokifanya Sanders uwanjani ni yadi 250, tena Jeanty ana mechi mbili zaidi. Ni kama umchukue mfungaji bora wa ligi ya mechi 30 umlinganishe na wa ligi ya mechi 38 kwa jumla ya mabao peke yake. Wastani ndio unaosema: Sanders yadi 238.9 kwa mechi, Jeanty 185.8. Na kila alipobeba mpira Sanders alipata yadi 7.6, Jeanty kama 7 hivi.

Nisimwonee kijana, hata hivyo. Kocha wake alikuwa akimpumzisha mechi ikishaamuliwa. Dhidi ya Utah State alibeba mpira mara 13 tu, akapata yadi 186, akavua kofia wakati wa mapumziko. Angeachwa amalizie mechi kama hizo, rekodi ingekuwa yake hata kabla ya Fiesta Bowl. Na wale mnaosema saa ya 1988 ilikuwa tofauti mna hoja ya kweli: enzi hizo saa ilisimama kila timu ilipopata seti mpya ya majaribio manne, na tangu 2023 haisimami tena isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Mechi ya zamani ilikuwa na nafasi zaidi za kucheza mpira. Naikubali hoja hiyo, ila haitoshi kuziba pengo la yadi 53 kwa mechi.

Kwa uchungu wa sheria ya 2002, mtu wa kumwangalia ni Ron Dayne wa Wisconsin. Alicheza 1996 hadi 1999 na kitabu kinampa yadi 6,397. Boli zake nne hazimo, na ukizijumlisha anafika 7,125. Desemba 2016 Donnel Pumphrey wa San Diego State akamaliza na 6,405 akatangazwa mfalme mpya wa kukimbia. Alimpita Dayne siku gani? Kwenye Las Vegas Bowl! Yadi zake za boli zilihesabiwa, za Dayne hazikuhesabiwa. Pumphrey hana kosa, alicheza kwa sheria aliyoikuta. Lakini mimi kwenye orodha yangu Dayne bado yuko juu, na sioni aibu kusema hivyo.

Swali lako la Mahomes sasa, na hapa nina neno kwa sababu nilikuwepo uwanjani.

Tarehe 22 Oktoba 2016, mjini Lubbock, nyumbani kwa Texas Tech ya Mahomes, dhidi ya Oklahoma. Enzi hizo teke la kwanza likipigwa mashabiki wa Texas Tech walikuwa wakirusha tortilla uwanjani, zile chapati za Kimeksiko, zikizunguka hewani kama sahani na wafanyakazi wakiziokota. Kwotabeki wa Oklahoma alikuwa Baker Mayfield, ambaye 2013 alikuwa akichezea hao hao Texas Tech kabla hajahama, kwa hiyo kelele alizopigiwa si za kawaida. Mayfield akajibu kwa yadi 545 na tachidauni 7. Mkimbiaji wao Joe Mixon akakimbia 263. Upande wa pili Mahomes alirusha mpira mara 88, ukadakwa mara 52, yadi 734 na tachidauni 5, halafu akaongeza yadi 85 kwa miguu. Jumla 819, ambazo hakuna mtu mmoja aliyewahi kuzipata kwenye mechi moja ngazi hiyo ya juu ya vyuo. Kila timu ilimaliza na yadi 854, sawa kwa sawa. Oklahoma 66, Texas Tech 59.

Ukiwa jukwaani usiku ule hukuhisi rekodi inavunjwa. Ulichohisi ni kwamba Texas Tech hawawezi kumzuia mtu yeyote, na kijana yule analazimika kufunga kila anaposhika mpira. Hilo ndilo jibu lako. Yadi 734 zilipatikana kwa sababu ulinzi wake ulikuwa mbovu. Timu inayoongoza kwa pointi 20 inakimbia na mpira ili saa iishe, haina sababu ya kurusha mara 88. Msimu ule Texas Tech ilimaliza na ushindi mara 5, ikapigwa mara 7.

Na rekodi yenyewe hakuivunja, aliifikia. Oktoba 2014 Connor Halliday wa Washington State alirusha yadi 734 hizo hizo dhidi ya Chuo Kikuu cha California, ambao kwotabeki wao alikuwa Jared Goff. Naye akapoteza, 60–59, baada ya timu yake kukosa teke la kufunga la yadi 19 sekunde za mwisho. Mechi mbili kubwa kuliko zote za pasi, na zote mbili ni za waliofungwa.

Halliday na Mahomes wanaunganishwa na mtu mmoja, marehemu kocha Mike Leach. Leach na Hal Mumme ndio waliojenga mfumo wa kurusha mpira karibu kila jaribio wakianzia vyuo vidogo. Akauleta Lubbock mwaka 2000. Kliff Kingsbury alikuwa kwotabeki wake pale, B.J. Symons akamrithi Kingsbury na mwaka 2003 akarusha yadi 5,833 kwa msimu, rekodi iliyodumu hadi 2021. Leach baadaye akaenda Washington State akamfundisha Halliday, na Kingsbury akarudi Lubbock kama kocha akamfundisha Mahomes. Kwenye benchi la Kingsbury alikuwepo kijana anaitwa Zach Kittley. Kittley ndiye aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya Western Kentucky mwaka 2021 Bailey Zappe alipomvua Symons rekodi, yadi 5,967 na tachidauni 62. Ukiona jina jipya juu ya orodha ya pasi, fuatilia kocha wake alitoka wapi. Mara nyingi utarudi Lubbock.

Ila hata kwenye pasi uliza idadi ya mechi. David Klingler wa Houston, 1990, mechi 11: yadi 5,140 na tachidauni 54. Hiyo ni yadi 467 na karibu tachidauni 5 kila mechi, na Zappe hakufika hapo kwa wastani wowote kati ya hizo mbili. Klingler naye alimalizia Tokyo, kwa yadi 716 dhidi ya Arizona State, rekodi iliyokaa hadi Halliday. Lakini mwezi Novemba alikuwa amewarushia Eastern Washington tachidauni 11, timu ya daraja la chini kuliko la Houston, mechi ikaisha 84–21. Namba kama hiyo siihesabu kwa uzito ule ule.

Ndiyo maana ukiniuliza msimu bora wa kwotabeki niliouona, nasema Joe Burrow wa LSU, 2019. Tachidauni 60, asilimia 76.3 ya mipira yake ikadakwa, timu ikafunga pointi 726 na kushinda mechi zote 15, na nusu fainali dhidi ya Oklahoma alirusha tachidauni 7 kabla ya mapumziko. Wapinzani wake walikuwa wakubwa, na hakuna aliyeweza kumzuia. Zappe ana namba kubwa zaidi, Burrow alikuwa bora zaidi.

La mwisho: yadi 2,628 zitavunjwa? Naamini zitavunjwa, tena si mbali. Tangu 2024 mchujo una timu 12, na timu inayocheza fainali ya ligi yake kisha ikaanza raundi ya kwanza na kufika mwisho inacheza mechi 17. Mkimbiaji wa timu hiyo atahitaji yadi 155 tu kwa mechi, na wapo wanaoweza. Ya Christian McCaffrey ilikwenda hivyo hivyo 2015: akamvua Sanders rekodi ya yadi za jumla za msimu (kukimbia, kudaka na kurudisha mateke) kwa 3,864 dhidi ya 3,250, kwa mechi 14 dhidi ya 11, na wastani ukabaki kwa Sanders, 295 kwa 276. Siku ikifika nitampigia makofi huyo kijana kwa moyo mweupe. Yadi 239 kwa mechi ndizo ninazosema hatuzioni tena, kwa sababu hakuna kocha wa leo atakayempa mkimbiaji mmoja mpira mara 31 kila wiki, na hata angempa, yadi 7.6 kila anapoubeba hazipatikani kwa kupewa.

Vipande vya mechi ya Lubbock ya 2016 na ya Tokyo ya 1988 vitafute mtandaoni. Anza na Tokyo.